Mama Aliyepatikana na Modicum

Juzi, katika kliniki moja karibu na maduka ya Adams Arcade, mama wa makamo alitoka kwa daktari akichechemea, akaketi kando yangu na kumpigia dada yake simu.

"Nimepatikana na modicum," alisema, machozi yakimlengalenga. "Iko kwa goti. Nikifa, ng'ombe ni wako."

Foleni nzima iligeuka kumtazama. Mzee mmoja alivua kofia.

Daktari alipochungulia mlangoni, mama alimuuliza, "Daktari, hii modicum inatibika?"

"Mama, nilisema goti liko na modicum ya maji. Yaani maji kidogo tu."

"Si ungesema kidogo! Sasa ng'ombe nitarudishiwa aje?"

Zamu yangu ilipofika, nilimwomba daktari, hata kama ninakufa, aniambie kwa Kiswahili.