Sauti Isiyotoa Shikamoo

Nilipata nafasi katika chuo cha ushonaji Singida Mjini, na kilichonizuia kwenda kilikuwa simu ya baba. Sisemi kwa utani. Miaka ile kampuni za simu zilikuwa zikigombania wateja mpaka vijijini kwetu, na baba alijiunga na huduma ya taarifa za mvua na mifugo. Tarakimu alizijua, herufi hakuzijua. Simu yake hakuruhusu mtu aiguse isipokuwa mimi, niliyemsomea.

"Ukienda, nani atanisomea?" aliniuliza. Mjadala ukaishia hapo.

Ujumbe ulipoingia, niliitwa kutoka shambani. Ikaja njia ya pili, ya kupiga nyota na reli. Menyu ilifunguka imejaa maandishi, nikaitwa tena. Niliichukia ile simu, hata mlio wake.

Kisha dada mmoja wa matangazo pale mnadani akasema iko njia ya tatu, ya sauti. Unapiga, unasikiliza, unabonyeza namba. Moyo ulinienda mbio. Namba si baba anazijua! Jioni hiyohiyo nikampandisha kwenye jiwe kubwa nyuma ya zizi, mahali pekee mtandao uliposhika, nikampigia ile namba.

"Karibu," ilisema sauti ya binti. "Kwa taarifa za mvua, bonyeza moja. Kwa mifugo, bonyeza mbili."

Baba alikunja uso. Hakubonyeza kitu mpaka simu ikakatika.

"Huyu ana umri gani?"

"Amerekodiwa, baba. Ni mashine."

"Amerekodiwa bila adabu. Shikamoo hakuna, ananiamrisha tu, bonyeza, bonyeza. Simjibu."

Nilibembeleza wee. Nikamwambia mbona redio nayo haimwamkii. Akasema redio haimtumi kazi. Nililia kwa hasira, maana chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu.

Jumamosi nikapata akili, au nilidhani hivyo. Tulipanda tena jiweni. Nikapiga, na kabla ya sauti kuanza nikapiga goti kidogo: "Shikamoo baba."

"Marahaba," akaijibu simu. Binti akaanza maelezo yake. Baba akabonyeza mbili kwa kidole chake mwenyewe, akasikiliza habari za chanjo ya kideri ya kuku mpaka mwisho. Furaha ilinijaa, nilijiona tayari niko kwenye cherehani.

Alishuka amechangamka, akamwita mama uani. "Sasa najibonyezea mwenyewe!" Mama akapiga vigelegele, akasema basi mtoto aende chuo.

Baba alimshangaa. "Aende wapi? Bila huyu, yule binti wa kwenye simu hana adabu."

Jumatatu basi la mjini lilipita likitimua vumbi. Nililiona vizuri, tangu kwenye kona mpaka lilipopotea, kwa kuwa nilikuwa juu ya jiwe pamoja na baba. Akapiga ile namba, simu ikaita, ikapokelewa.

"Shikamoo baba," nikasema.