Kaka Magesa na njia ya mlimani tuliyoitafuta kabla macho yake hayajazima

Wakuu wa humu, habari zenu. Mimi ni bibi, nimepita themanini, naandika kwa simu ya mjukuu hapa Buzuruga. Wale mnaotaka kunipa shikamoo, nawajibu mapema kabisa: marahaba wanangu.

Nitakayoyasema yalitokea. Kwa umri huu sina faida ya kuwadanganya watu nisiowaona.

Miaka ile tunaelekea Uhuru tulikaa upande wa Ilemela, nyuma ya vilima vya mawe. Sisi ni Wajita. Baba alikuja Mwanza kuvua, na mwenyeji wake Msukuma akampa mahali pa kujenga huko nyuma ya mlima. Ziwa likawa upande wa pili. Ukitaka kufika mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, lazima uzunguke mlima wote. Mama alizunguka hivyo miaka na miaka, kapu la samaki kichwani.

Kaka yangu Magesa, kifungua mimba wa nyumbani, alikuwa kibarua kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Akanunua baiskeli. Vijana wenzake walizitumia baiskeli zao kuwazungukia wasichana mjini. Yeye Jumapili, tukitoka kanisani, ananipakia kwenye keria tunakwenda milimani.

Kutafuta nini? Upenyo. Alisema haiwezekani mlima mrefu namna ile ukose pa kupitia.

Kwenye tambarare tunaendesha. Mlima ukianza tunashuka, tunaisukuma. Kwenye mawe makubwa tunaibeba, yeye mbele mimi nyuma, pimbi wanatuchungulia kutoka mashimoni. Mara nyingi tuliishia kwenye ukuta wa jiwe, tukarudi tumechoka hoi na miiba miguuni.

Majirani walituona vichaa. Baba alichukia, akasema binti hakai juu ya baiskeli. Mama akamjibu, "Muache. Yuko na kaka yake."

Siku tuliyoupata upenyo, Magesa alikuwa ametangulia. Nikamsikia anacheka peke yake huko mbele. Nilipofika nikamkuta amesimama kati ya mawe mawili marefu kuliko nyumba, nafasi yenyewe inatosha mtu na mzigo wake. Chini yetu majani, halafu maji mpaka macho yanachoka.

"Nyanjiga," akaniambia, "kesho mama anapita hapa."

Na alipita. Haukupita muda mrefu wanawake wote wa kwetu wakawa wanapita pale.

Hatukuacha. Tukaendelea kutafuta nyingine, vilima vya mbele zaidi. Ndiyo raha yetu ilikuwa hiyo, wakuu. Siku hizi mnaita hiking, sisi hatukuwa na jina lake.

Sasa ndipo macho yalipoanza.

Kwanza hendeli zikawa zinagonga mawe ya pembeni. Nikadhani ni spidi. Baadaye nikaona mtu akisimama ubavuni kwake hamuoni mpaka ageuze shingo nzima. Nikamwambia mama, mama akamlazimisha aende hospitali. Nilimsindikiza. Daktari alimpima akasema macho yatazidi kufunga kutokea pembeni kuja katikati, na yeye hana dawa ya kuyazuia.

Tukarudi. Tulipofika chini ya mlima akasimama, akanipa baiskeli.

"Shika wewe."

"Mimi sijui kuendesha, kaka."

"Ndiyo maana nakwambia shika."

Nilianguka sana. Kovu la goti ninalo mpaka leo. Lakini nikajua, na kuanzia hapo mimi ndiye niliyekaa mbele, yeye kwenye keria, mkono begani kwangu. Kila tulipofika juu aliniomba tukae. Alikuwa akitazama kitu kimoja kwa muda mrefu. Jiwe. Mwewe. Siku moja akaniambia, "Geuka kidogo, nikuone vizuri." Nikageuka. Nilijikaza nisilie kwa sababu alikuwa ananitazama usoni.

(Samahani, nilikwenda kunywa dawa. Naendelea.)

Siku ya Uhuru mji wote ulikuwa ngoma. Yeye akataka twende juu. Tukakaa kwenye upenyo wetu tukisikia vigelegele kutoka huko chini. Ziwa alikuwa analiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akaniuliza bendera mpya ikoje. Nikamwambia kijani, dhahabu na nyeusi.

"Kijani cha namna gani?"

"Kama jani la mgomba."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Baada ya hapo niliolewa Nansio, kule Ukerewe. Mume wangu alikuwa mtu mwema, sina lawama. Lakini nilipovuka maji, Magesa alibaki bila wa kumtoa. Macho yakazima kabisa. Baba akaogopa atadumbukia mahali, akawa anafunga mlango wa ua kwa kufuli akienda kuvua. Kaka yangu aliyezunguka milima yote ile akawa anazunguka ua.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, nikatuma salamu kwa wavuvi kwamba naja kumuonesha nyumbani, na siku yenyewe nikaitaja. Magesa akamwambia mama, "Nitampokea mimi."

Siku hiyo baba hakuwepo. Aliyefungua kufuli ni mama.

Magesa alivuka mlima peke yake, na fimbo tu. Ule upande wa kushukia ziwani aliuteremka kwa makalio na viganja. Na alifika, wakuu. Alifika mwaloni.

Mimi sikufika. Upepo ulituchafukia ziwani, tukajisitiri kwenye kisiwa kimoja, tukalala huko. Wavuvi walimwambia aingie kibandani, mvua inakuja. Akakataa kuondoka ufukweni, akisema mimi nitashuka mtumbwini nisimuone. Mvua ikamnyeshea mpaka ikaisha yenyewe.

Asubuhi tulipoegesha nikamkuta amekaa kwenye mchanga, anatetemeka, magoti yamechunika. Aliposikia sauti yangu akasimama.

"Nyanjiga. Mtoto yuko wapi?"

Nikamsogezea. Akaanza kusugua mikono yake, akaipulizia pumzi, akasugua tena. Alikuwa anaipasha moto kwanza. Ndipo akamgusa mtoto usoni, polepole, paji, macho, pua.

"Pua ya mama hii," akasema.

Homa ilimshika siku ileile, ikashuka kifuani. Wanaume walimbeba juu ya kitanda, wakampitisha kwenye upenyo wake kumrudisha nyumbani. Hospitali alipelekwa, haikusaidia. Wiki haikuisha tukamzika.

Msibani, mbele ya watu, baba alimwambia mama, "Wewe ndiye umemuua." Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na sikuwahi kuwasikia wakicheka tena.

Miaka baadaye nilimuuliza mama, je, angejua yatakayotokea, angefungua? Alikuwa anaparua samaki. Hakuinua kichwa.

"Alikuwa ameshanyoa ndevu," akasema. "Ameshavaa shati la kanisani. Ningemwambia nini?"

Wakuu, funzo la kwanza ni jepesi: kapimeni macho. Ugonjwa ule siku hizi ukiwahiwa unazuilika, na unatembea kwenye ukoo. Wanangu wote nimewapeleka.

La pili bado linanishinda. Nikikumbuka ile mikono anavyoipasha moto, naona mama alifanya sawa. Nikikumbuka kaburi, namuelewa baba, maana na mimi ni mzazi.

Wenye ndugu wasioona, na wote mliopata kuishika kufuli ya namna hiyo, naomba mniambie bila kunionea haya. Ingekuwa wewe, ungefungua?