Mtandio Juu ya Televisheni

Leo saluni, mtaani Qurum, binti yangu kitini, harufu ya nywele zinazochomwa imenirudisha utotoni, sebuleni kwetu. Mama alikuwa akininyoosha nywele kwa chanuo la moto, jioni twende arusini, huku tukitazama kanda ya sinema ya zamani ya Wamarekani weusi. Kila ilipokuja picha ya aibu, Mama alivua mtandio wake akaifunika televisheni.

Safari moja alipouondoa, mwanamke mweusi alikuwa amesimama na bastola. Nywele hakuzinyoosha, amezifuga, zimesimama, na wanaume wazima wanamkimbia.

"Mama, kama zetu!" nikasema.

Mama akajishika nywele zake, mtandio bado mkononi. "Nnaziona, mwanangu."

Chanuo akaliweka chini, likapoa.

Arusini niliingia nywele upande mmoja zimelala, upande mmoja zimesimama. Mama hakunifunika.