Maneno ya Mama wa Chuma

Tajudini wa Nyakabiga, Bujumbura, hakuwahi kusema "sijui" tangu aote ndevu. Ukimuuliza njia ya kwenda mtaa asioufahamu, atakuelekeza kwa mkono mpaka kona ya mwisho, na utapotea ukiwa umeridhika. Siku za kazi alikuwa bandarini, akifuatilia makaratasi ya mizigo ya watu kutoka dirisha hili hadi lile, na huko ndiko alikookota Kiingereza chake, kwa mabaharia wa Kigoma na kwa maandishi ya kwenye makasha. Kwa makasha kilimtosha. Kwa filamu hakikumtosha hata kidogo, ila jambo hilo alikuwa amelificha mahali ambapo yeye mwenyewe hapiti.

Maana kila Jumapili, saa tisa mchana, Tajudini alipanda basi kwenda Kinama, akaingia kwenye ukumbi wa Chabani, akashika maikrofoni na kufasiri filamu. Ukumbi wenyewe ulikuwa mabati, mabenchi, na shuka jeupe ukutani. Mlango ulikuwa pazia. Matundu ya misumari kwenye paa yaliingiza jua nyuzi nyuzi, na vumbi likaelea humo polepole, hata mtu akikaa kidogo alisahau kwamba nje kuna barabara na wauza mkaa. Tajudini alikaa juu ya stuli pembeni ya shuka, nusu ya uso wake ikiwaka rangi za filamu, akawapa watu wa mbali maneno ya Kiswahili. Neno alilolielewa alilisema. Asilolielewa alilitunga, na mara nyingi la kutunga lilikuwa tamu kuliko lile la kweli. Kinama walimpenda kwa yote mawili, kwa kuwa hawakuwa na namna ya kuyatenganisha.

Miaka minane iliyopita alifasiri filamu ambayo Kinama nzima iliibatiza Mama wa Chuma. Ilikuwa habari ya mashine yenye umbo la mwanamke na akili ya kutengenezwa, iliyolea mayatima katika mji uliomezwa na mchanga. Mwishoni wakaja watu wenye silaha, wakawachukua watoto, mashine ikazimwa. Kabla taa ya kifuani mwake haijafifia, midomo yake ilitikisika. Muziki ulikuwa mkubwa. Tajudini hakusikia hata silabi moja.

Kwenye benchi la tatu alikuwa amekaa mwanamke mgeni, Dorothée, aliyekuwa na wiki tatu tu tangu atoke Uvira, upande wa Kongo wa ziwa. Watu walimwita Mama Rosette, na huyo Rosette mwenyewe hakuwepo. Siku ya kukimbia vita, pale ufukweni, mtu fulani alimnyanyua mtoto wa miaka mitatu akamtia kwenye boti moja, na mama akasukumiwa kwenye boti nyingine. Boti ya mama ilifika Bujumbura. Ile ya mtoto ilikwenda na ziwa, isijulikane ilikotia nanga.

Tajudini alimwona mwanamke yule amemkodolea macho yeye, si shuka. Roho ikamuuma. Akaileta maikrofoni mdomoni.

"Nitarudi kwa njia ya maji," ilisema mashine kwa sauti ya Tajudini, "na jina lako nitalijua."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Dorothée alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatoka ameyashika maneno yale kama mtu aliyekabidhiwa yai. Tangu hapo akawa anauza mandazi mlangoni kwa Chabani, na kila Jumapili alimpa Tajudini moja la moto akimwambia, "Kwa njia ya maji, Papa Taju." Naye alijibu inshallah, akala. Mandazi yalikuwa mazuri. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka huu sehemu ya pili ikatoka. Chabani alinunua mashine mpya ya kurushia picha kwa ajili yake, akabandika karatasi mpaka sokoni: MAMA WA CHUMA AMERUDI. Na wiki ileile Dorothée alimngoja Tajudini nje ya lango la bandari, amejifunga kitenge kilichopauka asichokivaa siku zote.

"Papa Taju, bamemuona! Bamemuona Rosette! Iko Kigoma, mama moja muuza samaki njo alimulea. Batu ya shirika ile ya kutafuta batoto banamuleta Jumatano ya wiki inakuya, na boti ya simenti." Alicheka, akashika mdomo. "Si mashini ilisemaka? Maji!"

"Al-hamdulillahi," alisema Tajudini. "Sasa ana miaka kumi na moja, Mama Rosette. Atakuwa mukubwa."

"Mukubwa, ndiyo. Lakini atanijua. Nitavaa hii kitenge, njo nilikuwa nayo siku ile. Ataniita tu: mama." Alikitazama kitenge, akalainisha kunjo kwa kiganja. "Mutoto hawezi sahau."

Tajudini alirudi nyumbani Nyakabiga akitembea, akapita mlango wake mwenyewe bila kuuona, ikabidi mkewe Assia amwite kutoka barazani. Chabani alikuwa amempa filamu aiangalie kwanza kwenye simu. Akaiangalia jioni ile mara moja, akairudisha mahali pamoja akaangalia tena. Safari hii muziki ulikuwa kimya kabisa. Maneno yalikuwa machache, mepesi, Kiingereza cha makasha. Aliyasikia yote.

"Una nini?" Assia alimuuliza.

Akamweleza: filamu, Dorothée, mtoto, na lile neno la miaka minane. Assia aliendelea kuchambua mchele, vidole vikienda vyenyewe.

"We njo ulimupa ile neno," alisema. "We utamunyanganya, ama utamuachia mutoto wa watu amunyanganye pale bandarini mbele ya wabeba mizigo?"

Tajudini aliirudisha filamu mahali palepale.

Jumapili Kinama ilihamia kwa Chabani. Watu walikaa wawili wawili mahali pa mmoja. Divin, mbeba mizigo wa bandarini, mtu wa mabega mapana na machozi ya karibu, alikaa mbele kabisa. Dorothée alikuwa benchi la tatu na kitenge chake. Chabani alimvuta Tajudini pembeni.

"Leo watu wanataka kufurahi, sawa? Ukiniharibia, maikrofoni nampa yule kijana wa mlangoni, Jordan."

Taa ikazimwa, na shuka likawaka weupe. Dunia ya Mama wa Chuma ilikuwa imegeuka chumvi. Chumvi tupu mpaka macho yalipokoma, na juu yake maji membamba ya rangi ya waridi, na ndani ya maji nyumba za kioo zilizozama mpaka madirishani. Ndege wa chuma walipita wakidondosha cheche za bluu, na cheche zilipogusa maji zilifunguka kama maua. Hakuna aliyekohoa. Maji yalipojaa shuka zima, benchi la mbele lote liliinua miguu, kisha likajicheka.

"Muzee, ile chumvi yote ni ya wapi?" alinong'ona Divin. "Ni Uvinza?"

"Uvinza ya kwao," alijibu Tajudini papo hapo, na Divin akatosheka.

Kwa saa nzima waliota pamoja macho wazi. Nyuzi za jua kutoka kwenye paa zilichanganyika na mwanga wa filamu, hata ikawa vigumu kusema vumbi lipi ni la Kinama na lipi ni la kule. Mzee mmoja, aliyekuwa mtoto katika filamu ya kwanza, yule waliyekuwa wakimwita Kadogo, alivuka chumvi peke yake akimtafuta aliyemlea. Huku nyuma watu walibishana kwa sauti za chini. Mwanamke mmoja alisema mashine haiwezi kupenda mtu, simu yake mwenyewe haimjui, kila asubuhi inamuuliza yeye nani. Jirani yake akasema mbona ng'ombe anapenda na hana shule. Tajudini aliwaacha.

Kisha Kadogo akaifikia nyumba ya mwisho, akafungua mlango, na Mama wa Chuma alikuwa pale, amesimama kwenye maji ya waridi, taa ya kifuani inawaka. Ukumbi ulisimama. Vigelegele, filimbi, Divin analia waziwazi. Mashine ikageuza uso taratibu, ikamtazama yule mzee, ikasema neno lake. Na watu wote wakageuka kumtazama Tajudini.

Angeweza. Maneno matamu yalikuwa tayari ulimini, na Jordan alikuwa amesimama karibu na pazia anangoja. Akamwangalia Dorothée, mdomo wake nusu wazi, kama miaka minane iliyopita.

"Inasema," alisema Tajudini, akaacha, akaanza upya. "Inasema: samahani, mzee. Sikujui."

Mabati yakatikisika.

"Apana! Muzee, apana!"

"Ulisemaka atajua jina!"

"Rudisha nyuma, hukusikia muzuri!"

"Nimesikia," alisema Tajudini kwenye maikrofoni. "Leo nimesikia. Ile ya kwanza njo sikusikia. Ile ya maji, ile ya jina, ni mi niliitunga. Mashini haikusema kitu. Mi niliwadanganya, munisamehe."

Ganda la karanga lilimpiga shavuni, kisha jingine. Chabani alikuwa ameshika kichwa. Dorothée alinyanyuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akafika mlangoni akavuta pazia. Jua la nje likaingia, likaifuta filamu yote shukani, watu wakapiga kelele afunge. Alisimama hapo amewapa mgongo, mkono juu ya pazia. Tajudini aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, ikampanda kutoka miguuni.

Hatimaye pazia likashuka. Dorothée alikuwa bado upande wa ndani.

Shukani, Kadogo hakukasirika. Alivua kofia, akaketi kwenye maji, kwa hatua kadhaa kutoka kwa ile mashine, akafungua kamba za kiatu chake. Tajudini alifasiri polepole, neno kwa neno, bila kuongeza hata pumzi.

"Mimi naitwa Kadogo. Hunijui, si kitu. Kamba hizi wewe ndiye uliyenifundisha kuzifunga. Tazama."

Akazifunga. Mashine ikatazama vidole vyake. Filamu ikaishia hapo, chumvi na maji na watu wawili wanaotazama kiatu.

Walitoka wamegawanyika vibaya. Wengine walisema filamu mbovu, mtu anangoja miaka minane halafu asijuliwe. Wengine walitaka Chabani arudishe ile chumvi waione tena, bila kusemewa. Divin alisema ile ni filamu nzuri kuliko zote na hataitazama tena maisha yake. Dorothée alikuwa ameshaondoka. Kikapu chake cha mandazi kilibaki mlangoni, kimefunikwa, na hakuna aliyempa Tajudini chochote. Maikrofoni aliikuta tayari mkononi mwa Jordan.

Siku tatu hakulala vizuri. Alijiuliza alichomwachia yule mwanamke ni nini, lile neno sikujui, au kile kiatu.

Jumatano asubuhi boti ya saruji kutoka Kigoma ilifunga kamba kwenye ukuta wa bandari. Ziwa lilikuwa tulivu, ukungu umekaa juu yake, milima ya Kongo haionekani, kana kwamba ng'ambo hakuna kitu. Tajudini alikuwa na makaratasi ya mzigo uleule, akasimama mbali nyuma ya magunia, hakuthubutu kusogea. Divin alikuja kusimama kando yake, mabega meupe kwa saruji.

Mwanamke wa shirika alishuka amemshika mkono msichana mrefu, mwembamba, aliyesukwa vizuri, mwenye sare ya shule ya huko. Dorothée alikuwa pale. Hakuwa amevaa kile kitenge. Alikuwa na nguo yake ya kila siku ya kuuzia mandazi, ina doa la mafuta. Msichana alimtazama jinsi unavyomtazama mtu uliyeagizwa umsalimie, akajificha kidogo nyuma ya mwanamke wa shirika.

Tajudini alimwona Dorothée akitaka kukimbia, mikono imeshatangulia. Kisha mikono ikashuka. Akatembea hadi kwenye rundo la magunia, akaketi mbali kidogo na mtoto, akafungua karatasi magotini mwake, akaweka mandazi mawili juu ya gunia, mahali pa mtu wa pili. Akajigusa kifuani. Akasema jambo fupi.

Msichana alisimama muda mrefu. Halafu akaja, akaketi, mandazi yakiwa katikati yao. Akasema naye jambo. Dorothée akaitikia kwa kichwa, kama anayejifunza jina jipya, akalirudia kwa midomo tu.

Winchi ilikuwa inanguruma, na kutoka pale waliposimama hakukusikika kitu.

"Muzee," alinong'ona Divin, machozi yamechora mistari kwenye saruji ya mashavu yake. "Muzee Taju, banasema nini?"

Tajudini aliwatazama. Mtoto alikuwa amenyoosha mkono kuchukua andazi.

"Sijui," alisema.