Ndunge na Mwethya wa Watoto

Hapa Kyuso watoto humwita Ndunge Ticha, ingawa hajawahi kufundisha darasani. Anapanda pojo na kufuga mbuzi kama sisi wengine. Lakini mwaka wa tatu sasa, kila Jumamosi anawakusanya watoto wa gredi ya saba na ya nane wa kanisa letu, wanaenda kufanya mwethya, ile kazi ya kusaidiana tuliyoachiwa na wazee. Wanamchimbia mtu mtaro wa kushika maji shambani. Kiongozi ni mmoja wa watoto, na hubadilika kila wiki. Yeye ndiye hupanga kazi, na chakula kikiiva, anawapakulia wenzake, anakula wa mwisho.

Mwezi wa kumi zamu ilimfikia Mwongeli. Msichana huyu aliletwa kutoka Mtito Andei kukaa na nyanyake, na tangu aje hatukuwa tumesikia kwake neno lingine ila amina. Nyanyake alimwomba Ndunge amruke. Ndunge akamjibu pole pole kwamba akimruka leo, mtoto ataamini yeye ni wa kurukwa.

Asubuhi hiyo hewa ilikuwa imetulia, vilima viko mbali kama vimechorwa kwa moshi. Tulikuwa kwa mjane Kasyoka, mimi nikiwa jikoni na isyo yangu, mahindi na maharagwe. Mwongeli alitembea mteremkoni, akachora mstari kwa kisigino, akaanza kuchimba bila neno. Wenzake wakamfuata. Ndunge alitazama ule mstari, akainuka, kisha akaketi tena juu ya mtungi wa plastiki wa maji. Hata mimi niliona. Mtoto hakuwa amepima usawa kwa kamba, na mtaro ulikuwa ukielekea nyumba ya Kasyoka. Mvua ikija, maji yote yangeingia jikoni.

Nilimwendea Ndunge nikamuuliza mbona hasemi.

"Ngoja, dada," akasema. "Bado naomba."

Walipofika kama hatua kumi, Nzomo, mwenye mdomo kuliko wote, akaegemea jembe lake.

"Kiongozi, hii maji unaipelekea mama akapikie?"

Wakacheka. Mwongeli akasimama. Akaufuata mtaro kwa macho hadi jikoni kwa Kasyoka; nikasikia kengele ya mbuzi ng'ambo ya korongo, na nikahisi ni kama sote tumelala, tunaota ndoto moja.

"Nimekosea," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, nzuri. "Hii tuifukie. Nzomo, macho yako ni mazuri kuliko yangu. Shika kamba huku, mimi nishike kule."

Nzomo akaweka jembe chini, akashika kamba. Walipima, wakaanza upya, na vumbi jekundu likapanda likawafunika hadi nisijue nani ni nani. Saa nane Mwongeli alipakua isyo, akimuuliza kila mmoja kama imemtosha. Yeye alikula ukoko.

Mvua ilikuja Novemba. Nilipopita kwa Kasyoka na Ndunge, maji yalikuwa yamelala mtaroni toka mwanzo hadi mwisho, na mawingu yakipita ndani yake. Jikoni kulikuwa kukavu, moshi unatoka. Ndunge akaniambia Jumamosi ni zamu ya Nzomo, na jana jioni kijana alionekana mlangoni kwa kina Mwongeli, kofia mkononi, akimuuliza msichana jinsi kiongozi anavyoanza.