Watazamaji Wote Walilala

Kibanda cha Fortunée Mwansa kilikuwa kimeshikamana na changu, bati kwa bati, katika njia inayotoka sokoni kwenda stesheni ya Likasi. Mimi nilitengeneza redio. Yeye alichapa barua za watu kwa kompyuta: maombi ya kazi, hati za kuuza kiwanja, hotuba za harusi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na moja, mrefu, mwenye tabia ya kutazama juu kidogo ya kichwa cha mtu anayezungumza naye, kana kwamba kuna kitu kinapita polepole nyuma ya mtu huyo. Wateja wapya waligeuka kuangalia. Hapakuwa na kitu.

Siku za Jumamosi, saa sita mchana, rafiki yetu Deborah alikuja na ndoo yake ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, akatumiminia vikombe vitatu kabla ya kuuza kilichobaki, nasi tukakaa kwenye benchi mbele ya vibanda kuzungumza habari za mchezo wa kuigiza. Sisi watatu tulikuwa wagonjwa wa mchezo. Ule wa kuimba ndio hasa uliotumaliza: mtu anakuja jukwaani kununua chumvi tu, mara muziki unaanza, naye anaimba juu ya chumvi mpaka unasahau kwamba nyumbani kwako pia chumvi imeisha. Tulikuwa hata na tuzo yetu. Kila Desemba tulichagua mwigizaji bora wa mji, tukampelekea chupa ya munkoyo bila kumwambia imetoka kwa nani.

Na tulikuwa na daftari. Fortunée alinakili humo makosa ya magazeti, ya matangazo, ya mialiko, yake mwenyewe na ya wengine. Lilikuwepo lile la kwaya: “Kwaya ya vijana itaiba kanisani Jumapili saa tatu.” Lilikuwepo la harusi, “bwana harusi akamvisha bibi harusi pera.” Deborah alilipenda hilo, akasema angeolewa tena kwa pera moja lililoiva vizuri. Lakini Fortunée alipenda tangazo moja la nyumba, ambapo mtu alitaka kuandika choo: “Inapangishwa nyumba yenye vyumba viwili na chozi.”

“Hii haiko makosa,” alituambia siku moja, macho yake yakipita juu ya vichwa vyetu. “Nyumba yote iko na yake.”

Mwaka jana, mwezi wa tisa, kikundi cha mtaa wetu kilitayarisha mchezo wa kuimba unaoitwa *Kichuguu*. Kila mtu hapa anavijua vichuguu vyetu, vile virefu kuliko nyumba, vyekundu, vilivyosimama porini kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda. Katika mchezo, kichuguu kimoja kinahifadhi sauti za watu wote walioondoka mjini, na msichana anakwenda kukiomba sauti ya baba yake. Kichuguu kilishonwa kwa magunia na waya, kikapakwa udongo wa kweli. Ndani yake alikaa Fortunée kwenye kigoda, akiimba.

Ni yeye aliyetaka iwe hivyo. Sauti yake ilikuwa nzito na laini, kama blanketi la zamani, lakini hakuweza kuimba huku anatazamwa. Alijaribu kanisani akiwa msichana; koo likafunga, naye akarudi kukaa. Ndani ya magunia hakuna aliyemwona. Nakumbuka maneno:

*Waliokwenda wameniachia vinywa vyao,
navitunza katika udongo mwekundu.
Lete sikio lako, mwanangu, lete polepole.*

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Alipofika kwenye ule mstari wa tatu, wanaume waliokuja na helmeti za kazini wakatazama chini. Mama mmoja alijifunika kitenge usoni. Deborah alinishika mkono akaubana mpaka pete yake ikaniumiza, na mimi sikuuondoa, kwa sababu nilikuwa nalia.

Rémy, mwalimu wa darasa la sita, aliandika habari hiyo katika gazeti la mtaa. Lilikuwa gazeti la karatasi mbili tu, linalotoka mara moja kwa mwezi, na mchapaji wake alikuwa Fortunée. Basi siku ya Jumatano alilazimika kuchapa sifa zake mwenyewe. Alinisimulia baadaye kwamba uso ulimwaka, akachapa haraka bila kusoma, kama mtu anayepita mbele ya kioo akiwa hajavaa vizuri. Umeme ukakatika, kisanduku cha akiba ya umeme kikaanza kupiga kelele, akamaliza sentensi ya mwisho, akahifadhi, akapeleka.

Jumamosi Deborah alifika bila kutua ndoo.

“Fortunée, weye! Njo mukono yako iliandika hii?”

Akasoma kwa sauti, katikati ya njia: “Fortunée Mwansa alipoimba kutoka ndani ya kichuguu, ukumbi ulinyamaza kabisa, na watazamaji wote walilala.”

Rémy alikuwa ameandika *walilia*.

Nilicheka, siwezi kusema uongo. Nilicheka mpaka nikaweka chini chuma changu cha moto. Fortunée pia alicheka, akachukua daftari, akaiandika sentensi hiyo kwa mwandiko wake mzuri. Lakini alasiri nilimwona amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, mikono mapajani.

“Yaya Hilaire,” aliniambia, kama alivyozoea kuniita, yaani kaka, “mara moja tu mu maisha yangu batu balilia juu yangu. Na minye mwenyewe nikabalalisha.”

Wiki mbili baadaye kikundi kilikwenda Lubumbashi kwenye mashindano, Fortunée akaimba tena ndani ya magunia, wakarudi. Tulingojea matokeo kwenye benchi, simu ya Deborah ikiwa juu ya ndoo. Ujumbe ulipofika tulisoma mara tatu. Waamuzi walikuwa wameipa *Kichuguu* tuzo ya pambo bora la jukwaa. Yaani kichuguu chenyewe. Magunia na waya. Kuhusu sauti iliyokuwa ndani hawakusema neno, labda walidhani ni kanda.

“Batu ya namna gani hao!” Deborah alifoka. “Banapatia tuzo nyumba, banaacha mwenye nyumba!”

Fortunée alisema tu kwamba kichuguu kilikuwa kizuri kweli. Lakini baada ya hapo hakuimba tena, hata wimbo wa chini kwa chini aliozoea kuuimba akichapa. Sikujua kwamba nilikuwa nausikia kila siku mpaka ulipokoma. Kibanda changu kilipoa. Mijakaranda ilikuwa imechanua njia nzima, maua yakianguka juu ya bati bila kelele, na mimi nilifungua redio tatu kwa pamoja nisisikie ule ukimya.

Halafu akaja Jenny.

Alikuwa mwanamke kijana, mtoto mgongoni, na mkononi alishika lile gazeti, limekunjwa mara nane. Alisimama mbele ya Fortunée kwa heshima, kama mtu aliyefika kwa daktari.

“Mama, samahani. Njo weye ule mama anaimbaka, batu banalala?”

Nilifikiri ni mzaha. Fortunée naye alifikiri hivyo. Akainuka, na kwa mara ya kwanza nikaona anamtazama mtu usoni, kwa hasira.

“Nani alikutuma?”

“Hakuna,” alisema Jenny. “Bwana yangu, Jimmy, anatumikaka ku usine ya madini, busiku. Akirudi asubui, usingizi inamukatala. Anasema mashini ingali mu masikio yake. Mwezi ya tatu sasa. Juzi alianguka ku ngazi. Mama, niliona hii mu gazeti, nikasema Mungu njo ameniandikia.”

“Ni makosa ya kuandika, mutoto yangu. Minye siko munganga.”

“Siko nakuomba dawa. Niko nakuomba uimbe.”

Fortunée alimweleza herufi kwa herufi, *walilia*, *walilala*, akamwonyesha hata karatasi ya Rémy. Jenny alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa. Kisha akamwomba aende kwake Jumanne.

Fortunée alikwenda. Mambo yaliyotokea huko nayajua kwa sababu alinisimulia siku iliyofuata, amekaa kwenye benchi katikati ya saa za kazi, wateja wawili wakimngojea.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, madirisha yamefunikwa vitenge ili mchana usiingie, na mchana ukaingia hivyo hivyo, ukiwa na rangi ya vitenge. Jimmy alikuwa amelala chali kitandani, macho wazi, mwanaume mwenye mabega mapana na uso wa mtu aliyeazima uso wa baba yake. Alipomwona mgeni alijaribu kuinuka. Koo la Fortunée likafunga palepale.

Basi akaomba kiti, akakiweka kwenye ujia kati ya vyumba viwili, nyuma ya pazia.

“Nani eko kule?” Jimmy aliuliza.

“Minye njo ile kichuguu,” akajibu.

Akaimba. Mwanzoni aliimba kama anayejaribu mlango kama umefungwa. Halafu pazia likawa magunia, na ujia ukawa udongo mwekundu, na sauti yake ikaanza kutoka bila yeye kuisukuma. Aliimba wimbo wote wa mchezo, kisha akauimba tena bila maneno, kisha nyimbo za mama yake za Kibemba ambazo hakujua kwamba anazo bado. Nje malori ya madini yalipita, nyumba ikatetemeka kidogo, vyombo vikagongana kabatini, na vyote hivyo vikaingia katika wimbo vikapata nafasi. Alisikia pumzi ya Jimmy ikibadilika. Ilishuka ngazi moja, ikasimama, ikashuka nyingine. Mtoto alinyamaza mapajani mwa Jenny. Jenny alikuwa ameketi sakafuni kwenye ujia, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo. Kuku aliyekuwa akitembea uani alijikunja kizingitini.

“Yaya,” Fortunée aliniambia, “kisha na minye nikalala. Ku kiti. Niliota niko mu kichuguu ya kweli, na batu bote ya Likasi beko mule ndani, banasogea-sogea kusudi nipate nafasi.”

Aliamka saa kumi na moja jioni. Nyumba nzima ilikuwa bado imelala. Akashika viatu mkononi, akatoka.

Aliendelea kwenda, Jumanne na Alhamisi. Rafiki wa Jimmy wa zamu moja akasikia, naye akaomba. Halafu bibi mmoja wa upande wa reli ambaye mguu wake ulimwuma. Kila mahali aliweka kiti nyuma ya kitu: pazia, kabati, mlango ulioegeshwa. Alasiri kibanda chake kilifungwa, na wateja walijifunza kuja asubuhi. Ule wimbo wa chini kwa chini ukarudi nyuma ya bati la jirani, nikazima redio mbili kati ya tatu.

Rémy ndiye aliyechelewa kufurahi. Alikuja benchini akiwa amechukia, kwa sababu wenzake shuleni walimwita mwandishi wa usingizi. Alitaka masahihisho katika gazeti lijalo.

“Lakini Mwalimu,” Deborah alimwambia, “ukisahihisha, batu batakosa kulala!”

“Ukweli ni ukweli, Mama Deborah. Walilia. Mimi mwenyewe nililia.”

Fortunée alimtazama usoni. “Sema tena,” akasema.

“Nililia, Mama Fortunée. Nilitoka nje mara mbili nikadanganya nina kikohozi.”

Fortunée akayachapa hayo masahihisho mbele yake, polepole, akayasoma mara tatu kabla ya kuyapeleka. Yalitoka chini ya ukurasa wa pili, chini ya tangazo la mbuzi aliyepotea. Sidhani kama watu kumi waliyasoma. Mmoja wao alikuwa Jenny, aliyesema kwamba hayamhusu.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha, Jimmy alihamishiwa zamu ya mchana. Akaanza kulala usiku kama watu wengine, bila kuimbiwa. Jenny alileta habari hiyo mwenyewe, na Fortunée alifurahi kweli. Ila Jumanne iliyofuata, saa nane, nilimwona anafunga kibanda, anatembea hatua kumi, anasimama, anarudi kufungua.

Mwezi wa tano familia ya Jenny ilitualika kwao, kwenye ziwa Tshangalele, sisi watatu wa benchi. Tulikaa kwenye mikeka karibu na maji. Wanawake walikuwa wanapaa samaki, magamba yakirukia kwenye nywele zao, na upande wa pili ziwa na mbingu vilikuwa na rangi moja, hata mtumbwi mmoja ulionekana umetundikwa tu hewani. Jimmy alituuliza habari za mchezo wa mwaka huu. Nikamwambia kikundi kinatafuta mwanamke wa kuwa mama wa mfalme, anayeimba nyimbo nne, mbili akiwa amesimama mbele kabisa ya jukwaa. Tukaanza kubishana: Deborah alimtaka yule mwimbaji wa mtaa wa Panda, mimi nilimkataa kwa sababu anaimba kwa pua.

Fortunée alikuwa anachambua mwiba katika samaki wa mtoto wa Jenny. Hakuinua kichwa.

“Yaya Hilaire, banachagua lini?”

“Jumapili ijayo. Juu ya nini?”

“Andika jina yangu.”

Deborah alimsahau palepale yule mwimbaji wake wa Panda. Mimi nilimkumbusha, kwa upole, kwamba mama wa mfalme hana magunia. Anasimama pale, taa usoni, watu mia tatu.

“Najua,” akasema. “Nilianza kuzoea. Wiki iliyopita kwa ule bibi, niliweka kiti mbele ya kitanda. Koo ilifunga. Nikangojea, bibi naye akangojea, ikafunguka.”

Akampa mtoto kipande cha samaki kilichokuwa safi, akamwambia atafune vizuri. Nikatoa kalamu mfukoni. Karatasi sikuwa nayo, nikaandika jina lake kiganjani mwangu, herufi moja moja, huku Deborah akinisimamia kuhakikisha sikosei.