Honi Mbili Fupi, Moja Ndefu

Nyumba yangu iko Bagara, kando ya barabara kuu, mbele ya tuta. Kila lori linalotoka Singida lazima lipunguze mwendo mlangoni kwangu, breki za upepo zipige kelele, kisha lingurume upya. Wageni hushtuka mpaka chai inamwagika. Mimi huwacheka. Nimelala na kelele hizi tangu niolewe, nishtuke nini?

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Akifika kwenye tuta alipiga honi mbili fupi na moja ndefu, ndipo anakwenda kuegesha kule juu kwenye kituo cha mafuta. Nikiisikia tu, nabandika maji ya kuoga. Akiingia mlangoni, maji yako tayari. Majirani walinitania kwamba honi ile ikilia niko kanisani nitamwacha mchungaji kwenye mimbari niwahi sufuria. Na kweli, niliwahi kumwacha.

Sasa ana nyumba nyingine Singida, na mwanamke, na watoto. Hakuniaga. Alipunguza tu: kwanza akawa halali hapa, halafu akawa hashuki, halafu honi ikanyamaza. Lakini barabara ya kwenda Arusha ni hii hii, kwa hiyo bado anapita hapa. Lori lake ni lipi siku hizi, sijui.

Mwaka jana kichwa kilianza kuniuma kila nikiamka. Kituo cha afya walinipima presha wakasema haina shida. Narudi nyumbani, kichwa kile kile. Muuguzi mmoja, binti wa jirani yangu, akaja alasiri na mashine yake anipimie hapa hapa.

"Shikamoo mama. Unalala chumba gani?"

"Marahaba. Cha mbele, tangu zamani."

"Na haya malori?"

"Nimeshazoea, mwanangu. Hata siyasikii."

"Masikio ndiyo yamezoea," akasema, akinifunga mkanda wa mashine mkononi. "Moyo hauzoei. Lori likipita umelala, moyo unakimbia na mishipa inakaza, kama umevamiwa. Unaamka umechoka wala hujui ulipigana na nani."

Nikamwambia asinitishe, mazoea yana taabu lakini hayaui. Mkanda ulikuwa ndio unaanza kunibana, mara lori likafika kwenye tuta likapiga honi mbili fupi, moja ndefu.

Nilishanyanyuka, macho kwenye jiko. Binti akanishika bega nikakaa. Dirishani niliona dereva kijana, simjui, anamfokea bodaboda aliyemkatia njia. Mashine ikamaliza kupima. Binti akasoma, akasoma tena.

"Unaona, mama? Imepanda sana. Ni kelele hizi."

"Ndiyo," nikasema. "Ni kelele."

Nilijisikia kulia. Nikamuuliza kwa ukali kama atakunywa chai au hanywi.

Aliniambia nihamishie kitanda chumba cha nyuma, kinachotazama shamba la mahindi. Jambo dogo, na mtoto wa watu alikuja mara kwa mara kuniuliza kama nimehama. Nilimpa sababu zote: chumba kina mchwa, kitanda ni kizito. Sababu yenyewe niliona aibu kuitaja. Kule nyuma, honi haifiki. Akipiga, sitajua.

Mwishowe nilihama, kwa kuwa kichwa kilinishinda. Siku za kwanza ukimya ule ulinichukiza. Nilikaa kitandani nikisikiliza panya. Baadaye usingizi ukaja. Kichwa kikaacha kuuma, presha ikashuka, binti akafurahi kuliko mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa uani nafua. Jirani, mama wa yule binti, akainama juu ya ua.

"Alfajiri kuna lori lilipiga ile honi ya mwenzio," akasema. "Likasimama pale kwenye tuta, likapiga tena, ndipo likaondoka. Hukusikia?"

Nikakamua shuka, nikaianika.

"Nilikuwa nimelala," nikamwambia. Na ni kweli, nilikuwa nimelala vizuri.